Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kanuni ya Uwiano na Wenzetu Wenye Intaneti Hafifu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia jambo lililotawala vikao vya kamati mwaka huu: kanuni ya uwiano ya chama chetu cha kushirikishana faili, inayomtaka kila mmoja wetu apakie (awatumie wengine) walau kiasi kile alichopakua (alichochukua kwao), la sivyo azuiwe.

Kanuni hiyo iliwekwa kwa nia njema, maana kila mtu akichukua na kuondoka, hakuna kitakachobaki cha kushirikishana. Lakini tutazame inambana nani. Laini nyingi za nyumbani hupakua haraka na kupakia polepole, ndivyo zilivyoundwa. Mwenye megabiti 8 kwa sekunde za kupakua na nusu megabiti ya kupakia huipata faili ya gigabaiti 4 kwa saa moja na dakika chache. Kuirudisha yote kutamchukua takriban saa 18, laini isikatike wala asiitumie mtu mwingine. Tena awepo wa kuichukua kwake, wakati mwenye laini ya kasi keshawahudumia wote.

Kuna na hesabu isiyokwepeka. Kila kilichopakuliwa na mmoja kimepakiwa na mwingine, kwa hiyo ukigawanya jumla ya tulivyopakia sote kwa jumla ya tulivyopakua, uwiano ni 1 daima. Mmoja akifikisha 3, lazima wengine wawe chini ya 1, hata wawe wakarimu kiasi gani.

Wanaotumia intaneti ya simu wana kikwazo kingine. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti ni kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iligawiwa yote Februari 2011. Watoa huduma wengi sasa huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo si rahisi mtu wa nje kuwafikia. Mwenzetu anaacha faili wazi usiku kucha, na hakuna anayebisha hodi. Kisha tunamwita mchoyo!

Bram Cohen alipobuni BitTorrent, mfumo wa watu kugawiana faili moja kwa moja, mwaka 2001 aliweka nipe nikupe, lakini akaacha upenyo: kila sekunde 30 programu humchagua mtu mmoja na kumpa bila kuangalia ametoa nini. Kanuni yetu haina upenyo wa aina hiyo.

Kamati inapendekeza tupime muda ambao mwanachama ameacha faili wazi kwa wengine, badala ya gigabaiti alizopakia. Wenye bando la kuhesabiwa watambuliwe pia kwa kazi isiyokula data, kama kuhakiki maelezo ya faili.

Mjumbe mmoja aliuliza: je, mtu akiiacha wazi huku ameiminya kasi yake hadi karibu na sifuri? Hoja yake ni ya msingi, na wa namna hiyo watakuwepo. Heri tuwavumilie hao kuliko kuendelea kuwafungia wanaotoa kila walicho nacho.

Pendekezo litapigiwa kura katika mkutano huu. Kwa wale ambao laini zao haziwaruhusu kuhudhuria, kura zitapokelewa kwa ujumbe mfupi wa maandishi.