Kipimo cha rangi za kromosomu kije hospitali za kanda

Mhariri, salaam na pole na kazi. Mdogo wangu alihisiwa saratani ya damu, sampuli ikapelekwa nje tukasubiri wiki tatu, jamani wiki tatu roho juu! Picha zilipokuja ndo nikaelewa: seli za bluu kwenye giza, ndani vidoti vyekundu na vya kijani, kumbe ni vipande vya DNA vyenye rangi inayong'aa vinanasa kwenye kromosomu (nyuzi za vinasaba ndani ya seli) ya 9 na ya 22, na zikiwa zimebadilishana vipande rangi zinagusana unaona njano. Kamera inapiga kila rangi kivyake, kompyuta inaunganisha. Kromosomu ya 22 inayobaki fupi baada ya kubadilishana huko ndiyo dalili ya aina moja ya saratani ya damu; iligunduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1960, na vidonge vya kutibu saratani hiyo vipo! Sasa mitambo hii ije hospitali za kanda, na fundi wake pia, maana mashine zetu zikiharibika zinafunikwa shuka basi.

Msomaji wenu, Mwanza