Hamadi, fundi asije Jumatatu

Oktoba 27

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam alaikum. Msalimie shemeji na watoto, mengine tutaulizana chini huko. Picha zako nimezifungua usiku wa jana, na ile ya kwanza tu imenikosesha usingizi: mifuko ya simenti imepangwa ukumbini kama duka la Darajani. Mpigie fundi sasa hivi, mwambie Jumatatu asije. Ukishampigia, rudi usome.

Hiyo nyumba ya padri mliyonunua huko Uingereza ni ya miaka ya 1850, matofali laini yaliyojengewa chokaa na mchanga. Tabia yake ni ya kuta za Mji Mkongwe, tofauti ni mawe tu: ukuta unakunywa mvua na kuitema, na unatemea kwenye maungio ya chokaa baina ya tofali na tofali. Ukiyaziba kwa simenti, maji yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe. Ikifika Januari yanaganda humo ndani, yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka. Tazama picha ya nne, chini ya dirisha la jikoni. Vile vipande vyekundu kwenye majani ni nyuso za matofali. Sasa tazama maungio ya hapo juu yake: ya kijivu, magumu. Mtu alishapita na simenti zamani, na fundi wako anataka kurudia kosa lile lile nyumba nzima, halafu aipake na rangi ya kuzuia maji. Maji yatakayozuiwa ni yale yaliyomo ukutani yasitoke.

Na kile kipimo chake cha unyevu, chenye sindano mbili, alichokuonyesha kikilia, kisikutishe. Kinapima umeme unavyopita, na ukuta wenye chumvi unapitisha umeme hata ukiwa mkavu. Kwa miaka mia na sitini na ushei ya moshi wa makaa, ukuta wa dohani unakosaje chumvi?

Kuhusu sheria, nyumba yako imo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa, daraja la "Gredi ya Pili", nawe umeuliza kama ulinzi huo ni wa uso wa mbele tu. Hapana. Ni nyumba yote, nje na ndani, ngazi, milango, meko, pamoja na ukuta wa bustani na banda la farasi kama vilikuwapo kabla ya Julai 1, 1948. Kubadilisha kitu kinachogusa sura yake bila kibali cha halmashauri ni jinai kwa sheria ya 1990, kifungo mpaka miaka miwili. Na usijidanganye kwamba kosa la mwenye nyumba aliyepita halikuhusu: halmashauri inaweza kukuagiza wewe uliyenunua urekebishe, na agizo hilo halina ukomo wa miaka. Yale madirisha ya plastiki ya ghorofani nina wasiwasi nayo. Maombi ya kibali hayana ada, kwa hiyo mwandikie ofisa wa hifadhi wa halmashauri kabla hajakuandikia yeye.

Nirudi kwenye maji, maana hapo ndipo penyewe. Picha ya saba, kwenye kona, kuna mstari wa kijani nyuma ya bomba la chuma. Mabomba yale yanaoza mgongoni, upande wa ukutani, kwa sababu brashi ya rangi haifiki. Chukua kioo cha shemeji, kipitishe nyuma ukague. Likiwa limepasuka, badilisha kwa chuma kile kile, na ulisogeze mbali na ukuta kama milimita 30 ili safari nyingine brashi ipite. Halafu panda juu, pale paa mbili zinapokutana. Mfereji wa hapo, wa bati la madini ya risasi, ukijaa majani, maji yanapanda chini ya vigae na kushukia ukutani, na wewe chini unasema unyevu umetoka ardhini. Safisha mara mbili kwa mwaka, Desemba majani yakiisha, na tena majira ya kuchipua. Kama risasi imepasuka katikati usiibandike lami. Inapasuka kwa kuwa mtu aliweka kipande kirefu mno. Ikipata jua inatanuka na haina pa kwenda. Kipande kisizidi kama mita moja na nusu, kisha kidaraja cha kushuka milimita 50, kisha kipande kingine.

Na udongo wa bustani ya maua umepanda mpaka kwenye matofali ya matundu! Yale ndiyo pua ya sakafu ya mbao. Uchimbe, uushushe milimita 150 chini ya sakafu, mbao zipumue.

Hizo ndizo kazi za msimu huu. Chokaa usiiguse mpaka Aprili, chini ya nyuzi 5 haishiki na baridi itaivunja. Wakati ukifika: tindo na nyundo, usitumie grainda, maana inakata kingo za matofali. Chimba maungio yaliyolegea tu, kina mara mbili ya upana wake. Simenti iliyoshika sana iache, kuing'oa kutavunja tofali. Lowesha ukuta tangu usiku. Chokaa moja kwa mchanga mkali tatu. Ikianza kukaza, igonge kwa brashi ngumu, isipake usoni mwa tofali. Kisha funika magunia mabichi wiki nzima. Kazi hii baba yako angeifanya amefumba macho, ila kule Unguja hakuna theluji.

Lile dirisha la ngazi lililokaa upogo, fundi asikushawishi kulinyoosha. Butterfield, msanifu majengo wa Kiingereza, alijenga hivyo nyumba ya padri ya Coalpit Heath mwaka 1844 na 1845, na msanifu mwenzake Street naye baada yake: dirisha linakaa pale chumba kinapolihitaji, jirani yake akipenda asipende. Hata msanifu Webb, kabla ya kuchora ile nyumba mashuhuri ya Red House mwaka 1859, alifanya kazi ofisini kwa Street. Hata ule mlango wa pembeni una sababu, waumini waingie chumba cha padri bila kupita kwa familia.

Mtu wa Makunduchi kulala kwa padri, haya. Ila Askofu Steere naye alikuwa kasisi wa kijiji, Little Steeping kule Lincolnshire, kabla ya kuja Unguja kujenga kanisa la Mkunazini. Na usiniambie alitumia simenti kwenye paa. Najua.

Sasa nijibu: umeshamlipa kiasi gani yule bwana? Mifuko itarudishwa dukani? Dohani zisizotumika zimezibwa juu bila tundu la hewa? Vigae vya ukumbini vina maua, mmevipaka nta? Bi Mkubwa amekubali kuja, au bado anauliza kuhusu msalaba wa juu ya paa? Nitumie picha ya mgongo wa bomba kabla ya Jumamosi.

Wako,
M.