Kwa Nyemo, karani wa mizani

Nyemo mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na lile ulilolificha chini ya salamu nimeliona pia. Malori yanapiga honi, bosi kasimama nyuma yako akifoka, nawe gunia la lumbesa, lililoshindiliwa kupita kipimo, lililosoma kilo 118 ukaliandika 100. Tangu siku hiyo hulali, unajiita mwizi.

Baba yako nimefundisha baiolojia hadi kustaafu, kwa hiyo utanivumilia. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake kubwa ni kunusa hatari. Kikishtuka, mwili humwaga adrenalini, kisha kotisoli; moyo hukimbia, na ile sehemu ya nyuma ya paji la uso, inayopima haki ya mwenzako na matokeo ya kesho, hulegea. Dakika ile uliona kibarua kinaota nyasi. Mkulima mwenye gunia hukumwona, ingawa alikuwa mbele yako.

Mwaka 1973 Darley na Batson, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi wa seminari kule Princeton. Njiani waliwekewa mtu kajikunyata mlangoni, anakohoa. Wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu, na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia Msamaria Mwema. Watu wa Mungu hao!

Sisemi haya ili nikusafishe. Kilo 18 ni ugali wa watu. Ila hata kujiita mwizi saa nane za usiku ni hukumu unayoitoa ukiwa ndani ya hofu ileile, na mimi siiamini kuliko ile uliyoitoa pale mizani.

Ukibanwa tena, usibishane. Sema, "Ngoja nipime upya." Wakati gunia linashushwa, vuta pumzi, itoe polepole, kisha mtazame mwenye mahindi usoni kabla hujashika kalamu. Usingizi usiporudi, njoo twende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Waache watu na maneno yao. Pale hawatibu vichaa tu, hata hofu inatibiwa.

Yule mzee mwenye gunia ulisema ni wa Pandambili. Muulize dalali wake namba ya simu. Piga hesabu ya kilo zake kwa bei ya siku ile uniletee. Nusu nitatoa mimi. Jumamosi nakuja Kibaigwa, twende kwake wote.

Baba yako