Trakiboli ya kabati lako la michezo imegoma? Hamisha plagi kwanza kabla hujanunua nyingine

Wateja wengi wanaotuletea trakiboli, yaani ule mpira unaozungushwa kwa mkono kuendesha mchezo, huja wakiwa wameshatoa hukumu: imekufa, wanataka mpya. Tukiifungua tunakuta rola zimeganda uchafu, au waya umechomoka kwenye soketi, au hakuna ubaya wowote: trakiboli ni nzima, ila programu ya michezo haijaambiwa iisikilize. Ukinunua mpya katika hali hiyo, utaifunga na itagoma vilevile.

Tuanze na kilichomo ndani, maana ukikielewa hutahangaika. Mpira umekalia rola tatu. Mbili ndizo za kazi: moja hufuata mwendo wa kushoto na kulia, nyingine wa mbele na nyuma. Ya tatu ni ya kuushikilia tu. Kwenye ncha ya kila rola ya kazi pana gurudumu dogo lenye nafasi nyembamba ukingoni, na ukingo huo hupita kati ya taa ya infraredi na vihisi viwili. Viwili vya nini? Kimoja kingetosha kuhesabu hatua, lakini kisingejua gurudumu linazungukia upande gani. Vikiwa viwili, kimoja humtangulia mwenzake kidogo, na aliyetangulia ndiye anayetoa habari ya upande. Ishara hizo huingia kwenye bodi ndogo ya USB, nayo hujitambulisha kwa kompyuta kama kipanya cha kawaida.

Kwa kuwa kompyuta inaiona kama kipanya, kipimo cha kwanza hakihitaji bisibisi. Toka kwenye mchezo, rudi kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta, uzungushe mpira polepole pande zote. Mshale ukitembea vizuri kila upande, usifungue kitu. Tatizo liko kwenye mipangilio.

Kwa wanaotumia MAME, programu ya kuchezea michezo ya zamani ya kabati kwenye kompyuta, fungua faili la mame.ini utafute mstari wa mouse. Ukiwa 0, uandike 1. Au nenda kwenye trackball_device uweke mouse, ili kipanya kiwashwe kwa michezo ile tu inayohitaji trakiboli. Kisha ndani ya mchezo bonyeza Tab, ingia kwenye vidhibiti vya analogi, urekebishe wepesi, yaani mchezo unavyoitikia mpira. Kila mchezo una wepesi wake: kiwango kinachokufaa kwenye Missile Command ya 1980 kinaweza kuwa kero tupu kwenye Marble Madness ya 1984. Humohumo kuna mahali pa kugeuza upande, kama mpira ukienda juu mchezo unashuka. Kwa RetroArch, programu nyingine ya aina hiyo, angalia namba ya kipanya aliyopewa mchezaji wa kwanza. Ukiwa na kipanya kingine kimechomekwa nyuma ya kabati, inawezekana mchezo unamsikiliza huyo wa nyuma. Mchomoe ujaribu tena.

Mshale ukileta matata hata nje ya mchezo, hapo ndipo tunaingia kwenye vyuma na waya, na namna mshale unavyokosea ni ushahidi tosha. Kuna dalili moja tunayoipenda kwa sababu haifichi kitu: unazungusha mpira kwenda kulia, mshale unatetemeka palepale, hatua moja mbele, hatua moja nyuma, hauendi popote. Hiyo ina maana kihisi kimoja kati ya viwili kimenyamaza. Hatua zinaonekana, upande haujulikani. Sababu huwa vumbi mbele ya kihisi, waya mmoja uliokatika au lehemu iliyoachia. Mshale usipotikisika kabisa upande mmoja, shuku taa ya infraredi au waya za umeme za upande huo. Mshale ukienda kinyume, waya mbili za ishara zimepishana. Ukipanda juu wakati wewe unaupeleka mpira pembeni, plagi za pande mbili zimebadilishana, au fremu nzima imefungwa ikiwa imegeuzwa robo ya mzunguko. Hili la mwisho hutokea sana baada ya mtu kusafisha na kurudishia haraka.

Sasa kipimo chenyewe. Chomoa USB. Kwenye trakiboli nyingi kila upande una bodi yake ndogo ya vihisi na plagi yake, na zote mbili zinafanana. Zibadilishane plagi: ya upande mbovu iingie penye nzima, na nzima penye mbovu. Chomeka USB, zungusha mpira. Tuseme kabla ya hapo mshale haukwenda pembeni. Kama sasa unakwenda pembeni lakini umegoma kupanda na kushuka, ugonjwa umehama pamoja na plagi, yaani uko upande wa vihisi. Kama bado umegoma kwenda pembeni, vihisi havina kosa. Bodi ya USB ndiyo mbovu. Kwa kazi ya dakika chache umeshajua ununue kipi kati ya viwili, na hakuna hata kimoja kinachokulazimisha kununua trakiboli nzima.

Trakiboli yako ikiwa na plagi moja ya waya zote, tumia maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Kwanza hakikisha volti 5 zinafika. Kisha weka ncha kwenye waya wa ishara na uzungushe gurudumu kwa kidole, taratibu sana. Kipimo kiwe kinaruka kutoka karibu na 0 hadi karibu na 5, tena na tena. Kikikwama mahali pamoja, umeshampata mhalifu. Taa ya infraredi haionekani kwa macho, lakini kamera ya mbele ya simu mara nyingi huiona kama nukta nyeupe yenye uzambarau. Angalizo: usifanye vipimo hivi juani wala chini ya balbu kali ya waya. Mwanga huo una infraredi yake, na vihisi vilivyo wazi vinaweza kupofuka ukadhani vimeharibika.

Kuhusu usafi, mpira uoshe kwa maji na sabuni laini. Spiriti usiiguse kwenye mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, inaweza kuutia nyufa ndogondogo. Rola ndizo zinazostahili spiriti na pamba: tazama katikati, pale mpira unapogusa, utaona mkanda mweusi wa uchafu ulioshikana. Ukwangue kwa kijiti cha mbao. Ukishatoka na chini yake ukakuta mfereji umechimbika kwenye chuma, rola imelika na itaendelea kurukaruka hata ikiwa safi. Badilisha pamoja na beringi zake. Beringi nzima ukiisukuma kwa kidole huzunguka kimya na kuendelea kidogo. Inayokwaruza inataka tone la mafuta mepesi ya mashine, au ibadilishwe. Na tafadhali, msipulizie dawa ya kulegeza kutu ndani ya fremu nzima. Inafukuza grisi ya beringi, inalowanisha rola, na mpira unaanza kuteleza.

Wapigaji wa nguvu kwenye Golden Tee, mchezo wa gofu, wanajua kero nyingine: unaupiga mpira kwa kasi, mshale unarudi nyuma. Bodi ya USB imeshindwa kusoma hatua kwa kasi hiyo. Kupunguza wepesi kwenye programu hakusaidii, kwa kuwa hesabu inakuwa imeshaharibika kabla ya kufika huko. Dawa ni bodi yenye kasi zaidi.

Trakiboli inayopotea kwenye kompyuta na kurudi mara nyingi ni suala la umeme wa USB. Ichomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta, hasa ikiwa na taa za rangi. Ikipotea kabati likikaa muda bila kuchezwa, zima ule mpangilio wa Windows unaolaza vifaa vya USB.

Ukiamua kutuletea, lete na bodi ya USB pamoja na waya zake zote, na upige picha ya plagi kabla ya kuzichomoa. Utuandikie pia mshale ulifanya nini kabla na baada ya kubadilishana plagi, maana hicho ndicho kitu cha kwanza tutakachouliza. Mpira utoe uufunge peke yake: ukisafiri ndani ya fremu utagonga rola njia nzima.