Hizo MB 128 hatujakuibia

Kila tukikabidhi seva, swali ni lilelile: "Nimelipia RAM ya GB 4, mbona mmetenga MB 128?" Wengine wanasema tunawakata makusudi ili tuwauzie mpango mkubwa zaidi. Basi tuelezane.

Kumbukumbu (RAM) ikiisha, fundi anayekuja kuikoa seva naye anaihitaji: sshd (mlango wa kuingilia kwa mbali) impokee, bash (dirisha la kuandikia amri) ifunguke, top imwonyeshe programu gani imemaliza zote. Isipokuwepo, hata akifanikiwa kuingia, karibu kila amri anayoandika inajibiwa `fork: Cannot allocate memory`, yaani hakuna kumbukumbu ya kuanzisha mchakato mpya.

Linux ina mpangilio wa kazi hiyo tangu kerneli (kiini cha Linux) toleo la 3.10: `vm.admin_reserve_kbytes`. Usipoigusa, inatenga 3% ya kumbukumbu iliyo wazi au MB 8, ile iliyo ndogo. Lakini seva zetu za hifadhidata zinatumia `vm.overcommit_memory=2`, ambapo kerneli haiahidi kumbukumbu kupita kikomo. Hapo MB 8 hazitoshi kitu, kwa kuwa kinachohesabiwa ni ukubwa wote ambao programu imeomba (VSZ), si ule inaoutumia kweli (RSS). Tunachukua VSZ kubwa kuliko zote kati ya sshd, bash na top, tunaiongezea jumla ya RSS za zote tatu. Kwenye x86_64 (prosesa za kawaida za Intel na AMD) inakuja kama MB 128. Ndiyo ile 131072 (kwa KB) mnayoikuta kwenye `/etc/sysctl.d/`.

Hakuna kipande cha RAM kilichofungiwa. Kinachopungua ni kiasi ambacho programu zisizo za root (msimamizi mkuu wa seva) zinaweza kuahidiwa. Faili zilizosomwa kutoka kwenye diski bado zinakaa humohumo.

Kuna wanaonakili mstari huo wa 131072 peke yake mtandaoni na kuiacha overcommit kwenye 0. Kerneli za karibuni, zikiwa kwenye 0, haziiangalii akiba hii kabisa. Wengine wanaweka 2 bila kugusa `vm.overcommit_ratio` (asilimia ya RAM inayoruhusiwa kuahidiwa), ambayo huanzia 50: seva ya GB 4 isiyo na swopu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) inaahidi GB 2 tu, hifadhidata ya MySQL inagoma kuwaka huku amri ya `free` ikionyesha nafasi tele. Ndiyo maana tunatoza siku ya vipimo. Tunasoma `Committed_AS` (kilichokwisha kuahidiwa) na `CommitLimit` (kikomo chake) kwenye `/proc/meminfo` saa za msongamano, hasa mwisho wa mwezi ripoti zinapotolewa, ndipo tunachagua namba.

Jambo jingine: akiba ni ya root. Ukiingia kwa jina la kawaida ukaandika `sudo` (amri ya kupata mamlaka ya root), bash inaweza kunyimwa mchakato mpya kabla sudo haijaanza. Andika `exec sudo -s`. Exec inaiweka sudo mahali pa bash yenyewe, haizai mchakato. Ukishakuwa root, `kill` (amri ya kusimamisha programu) imo ndani ya bash, haihitaji mchakato mpya.

Njia ya mkato inayopendwa ni kubonyeza kitufe cha kuzima na kuwasha kwenye paneli. Seva inarudi, ndiyo, ila InnoDB (mfumo wa MySQL wa kuhifadhi jedwali) inaanza na kujirekebisha, jedwali za MyISAM (mfumo wake wa zamani) zinaweza kuharibika, na ushahidi wa programu iliyokula kumbukumbu umepotea. Programu hiyohiyo inawaka tena na seva. Kazi ya kufufua jedwali tunaitoza kwa saa, nje ya ada ya mwezi, na hatupunguzi.

Ukitaka kutukagua, endesha `sysctl vm.overcommit_memory vm.overcommit_ratio vm.admin_reserve_kbytes`, ulinganishe na karatasi ya makabidhiano.