Sio kila mwenye bereti ni komandoo

Mhariri salaam, mimi msomaji wenu wa Uyole hapa Mbeya, leo nina la kusema kuhusu hili neno komandoo, maana kwenye kurasa zenu askari akishavaa bereti na miwani nyeusi basi keshakuwa komandoo, awe FFU wa kutuliza ghasia, awe mwanamaji, awe mlinzi wa kiongozi, wote mnawaweka kapu moja.

Nawaambia kwanini linaniuma. Mtoto wa dada yangu kamaliza form foo, anataka jeshi. Wiki mbili zilizopita narudi jioni namkuta nyuma ya jiko kapanga tofali za kuchoma anazipiga na kichwa, ya kwanza ilivunjika, ya pili ikagoma, paji la uso limevimba damu inachuruzika mpaka kwenye nyusi. Namuuliza we vipi, ananijibu anko makomandoo ndo wanavyofanya, si tuliwaona uwanjani sikukuu ya Uhuru. Ni kweli tuliwaona kwenye tivii, ila yale ni maonyesho tu, kazi yenyewe hakuna aliyewahi kumwelezea.

Usiku ule nikakaa nae huku mama yake anamkanda na maji ya moto, nikamwambia chukua Mogadishu kule Somalia, mji mmoja tu, uone kila kikosi na kazi yake. Mwaka 1977 ndege ya Lufthansa iliyotekwa ilitua pale, waliokwenda kuwatoa mateka ni GSG 9 ya Ujerumani Magharibi, na hao ni polisi jamani, sio jeshi, kikosi kiliundwa baada ya wanamichezo wa Israel kuuawa Munich 1972. Wakaisogelea ndege gizani na ngazi, milango ikafunguliwa kwa pamoja, dakika chache mateka wote waliokuwa ndani wakatoka hai. Mwaka 1993 mji uleule wakaja Wamarekani kukamata watu wa Aidid, mbabe wa vita wa Somalia: Delta, kikosi maalumu cha jeshi lao, ndo walioingia ndani ya jengo, Rangers, askari wao wa miguu wenye mafunzo maalumu, wakashuka kwa kamba kwenye kona nne kuzuia mtu asiingie wala asitoke, na marubani walikuwa wa kikosi ambacho kazi yake ni kubeba watu kama hao. Helikopta mbili zikadunguliwa, ikawa vita usiku kucha, Wamarekani 18 wakafa na Wasomali wengi zaidi.

Ila kilichomshangaza dogo ni Green Berets, kikosi maalumu cha jeshi la Marekani. Timu ya watu 12, ndani yake kuna matabibu, wanasomeshwa lugha ya kule wanakopelekwa, na kazi yao kubwa ni kuishi na wenyeji na kuwafundisha kupigana, yaani ni walimu. Akaniuliza kwahiyo anko hata aliyesoma baolojia anatakiwa? Nikamwambia anatakiwa sana.

Na hata kwetu, ile brigedi ya UN iliyokwenda Kongo 2013 kupambana na waasi wa M23, sisi na Afrika Kusini na Malawi, ilikuwa na batalioni tatu za askari wa miguu, kikosi cha mizinga, na kombania moja tu ya vikosi maalumu na upelelezi. Hao wa miguu na wa mizinga nao wana wazazi wanaosoma gazeti, waandikeni kwa kazi yao.

Naomba hata nusu ukurasa Jumapili, muulizeni mstaafu yeyote wa JWTZ aeleze nani anafanya nini. Dogo anataka kuomba JKT, kidonda kimeanza kukauka, na gazeti likifika hapa nyumbani siku hizi yeye ndo wa kwanza kulifungua.

Msomaji wenu, Uyole, Mbeya