Kabla ya kubomoa nyumba kuukuu, tujue paa lake ni la nini

Mhariri,

Mitaa ya Ganjoni, Tudor na Kizingo hapa Mombasa inabadilika upesi. Leo nyumba ya zamani inazungushiwa ua wa mabati mapya, na baada ya siku chache haipo tena. Palipokuwa na banglo na mwembe panapanda ghorofa. Sina ugomvi na maghorofa. Watu wanahitaji pa kuishi, na hata katika familia yetu tumekubaliana kuibomoa nyumba aliyotuachia marehemu baba. Nakuandikia kuhusu kinachotoka ndani ya nyumba hizi zinapoangushwa, na jinsi sisi wenye nyumba tunavyowachagua watu wa kuziangusha.

Nyumba nyingi za makamo ya yetu ziliezekwa kwa mabati ya asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi. Wazee walikuwa na sababu nzuri. Hapa Pwani chumvi ya bahari hula bati la chuma mpaka likabaki tundu tupu, lakini asbesto haishiki kutu, haishiki moto na haipitishi joto kali la mchana. Mwenye nyumba ya zamani ataitambua: ni mabati mazito ya kijivu, mawimbi yake ni mapana, unene wake ni kama milimita 6, yamebanwa kwa bolti, na ukiyagonga hayalii kama bati. Ndani yake ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Wala asbesto haikuishia kwenye paa. Iko kwenye bomba za kuteremshia maji ya mvua, kwenye bomba la kupumulia choo, kwenye tangi la maji lililofichwa juu ya dari, kwenye mbao laini za dari yenyewe, na pengine hata kwenye vigae vya plastiki vya sakafu.

Mimi ni mstaafu wa kitengo cha eksirei. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za vifua, na kuna picha ambazo ukishaziona huzisahau. Mzee anakuja akilalamika kuwa ngazi zimemshinda. Si mvutaji sigara, wala si mgonjwa wa kifua kikuu. Kwenye picha unaona mabaka meupe juu ya utando unaozunguka mapafu, mengine yamekaa juu ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kama chokaa iliyomwagika. Ukimuuliza alifanya kazi gani ujanani, atakwambia alikuwa akifunika mabomba ya mvuke melini, au alikuwa fundi wa boila, au alikata mabati ya asbesto kwa msumeno. Huwa anashangaa kuulizwa, maana kazi hiyo aliiacha miaka 30 iliyopita.

Hivyo ndivyo asbesto inavyofanya kazi yake. Nyuzi zake ni nyembamba mno kuliko unywele. Huzioni hewani, hazinuki, na siku unayozivuta hukohoi. Zikifika chini kabisa ya mapafu hazitoki wala haziyeyuki. Baada ya miaka 20, 30, hata 40, mapafu hugeuka makovu, au hutokea saratani ya mapafu, au ile saratani ya utando ambayo kwa sehemu kubwa husababishwa na asbesto. Anayevuta sigara juu ya hayo huiongeza hatari ya saratani ya mapafu maradufu na zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha asbesto kilicho salama kuvuta, na kwamba zaidi ya watu 200,000 duniani hufa kila mwaka kwa sababu yake.

Sitaki mtu alale nje usiku wa leo kwa hofu. Bati la asbesto lililo zima, lisilopasuka, lililotulia juu ya paa, halina madhara makubwa, kwa sababu saruji imezishika zile nyuzi. Kama hubomoi, liache. Usilisugue kwa brashi ya waya kutoa ukungu, usilitoboe kufunga antena, na usimruhusu fundi kulikata kwa mashine. Hatari inaanza pale linapovunjwa, na kubomoa nyumba, kama tunavyokujua hapa mjini, ni kuvunja tu.

Tulipotangaza kwamba tunabomoa, wa kwanza kufika alikuwa dalali. Hakuomba hata shilingi. Alisema, "Mama, nitakubomolea bure, tena nitakupa kitu kidogo, mradi nichukue milango, boriti, mawe na mabati." Wenye nyumba wengi hukubali masharti haya na kuondoka wakifurahi, na ninaelewa kwa nini: milango ya mvule ina bei, na mawe ya matumbawe yakisafishwa hujenga tena. Lakini nilimuuliza mabati ya asbesto atayapeleka wapi. Akanijibu bila kuficha kwamba yana wateja. Wengine huezekea jikoni, wengine banda la kuku, wengine choo. Yaliyovunjika huingia kwenye kifusi, na kifusi huuzwa kujazia mashimo ya njia na kusawazishia viwanja.

Tuliangalie jambo hilo kwa makini. Familia yenye uwezo inaondoa sumu juu ya kichwa chake, halafu familia isiyo na uwezo inainunua na kulala chini yake, ikiwa na nyufa na matundu ya misumari mipya. Watoto wanacheza juu ya kifusi chake. Na wale vijana wanaopanda juu kwa nyundo na mtaimbo, wakiyarusha mabati chini yapasuke ili wawahi kumaliza kabla ya adhuhuri, hulipwa kwa siku na hawaandikwi jina popote. Mwaka watakaopigwa picha ya kifua hakuna atakayekumbuka nyumba hii ilikuwa ya nani.

Wa pili alikuja na bei nafuu na tingatinga. Alitaka kuingia asubuhi na kuisukuma nyumba yote, paa, kuta na dari, iwe lundo moja la kupakiwa kwenye malori. Kwa nyumba isiyo na asbesto huenda ni njia nzuri. Kwa nyumba yenye asbesto hakuna njia mbaya kuliko hiyo, kwa sababu kuanzia hapo lundo lote, pamoja na mawe yaliyo mazima, limeshachanganyika na nyuzi na haliwezi tena kutengwa.

Mkandarasi wa tatu hakutaja bei. Aliomba kwanza kuizunguka nyumba, akapanda ngazi, akafungua kidirisha cha dari, akaandika. Aliuliza ilijengwa mwaka gani na kama iliwahi kupigwa dawa ya mchwa kwenye msingi, maana zamani zilitumika dawa kama dieldrini ambazo hukaa ardhini miaka mingi. Aliuliza pia kuhusu rangi ya milango na madirisha, kwa kuwa rangi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na anayeziunguza au kuzipiga msasa hutoa vumbi linaloharibu ubongo wa mtoto unaokua. Taa ndefu za mirija alisema zishushwe nzima, zina zebaki. Kisha akalowesha pembe ya bati moja lililokwisha kupasuka, akachukua kipande kidogo, akakifunga kwenye mifuko miwili kipelekwe maabara kuangaliwa kwa hadubini. Macho peke yake hayatoshi. Yapo mabati ya saruji ya siku hizi yanayofanana kabisa na yale na hayana asbesto.

Bei yake ilipokuja ilikuwa karibu mara tatu ya yule wa tingatinga. Kaka yangu mkubwa alikasirika. Akasema hizo ni pesa za kumsomeshea mtu chuo kikuu. Nikamwomba tuisome ile karatasi mstari kwa mstari, na ndipo tofauti ilipoonekana: ovaroli za kutupwa, barakoa zenye vichujio, mahali pa kuogea vibarua, nailoni nzito, lori lenye leseni, ada ya mahali pa kuzikia taka hiyo. Yule wa bei nafuu hakuwa hodari kuliko huyu. Gharama hizo hizo alikuwa akiwabebesha wengine: vibarua wake, majirani zetu, na chuo cha Kurani kilicho nyuma ya ukuta wetu, ambako watoto husoma madirisha yakiwa wazi. Kaka alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tuuze ile milango wenyewe ili kupunguza pengo. Na ndivyo tutakavyofanya, baada ya rangi yake kupimwa.

Kwa wanaojiandaa kubomoa, naomba mwombe karatasi kabla ya kuomba bei. Mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na leseni yake iwe ya mwaka huu. Lakini usajili huo peke yake haumfanyi mtu ajue asbesto, na hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Kanuni za usimamizi wa taka zinaiweka asbesto katika taka hatari, kwa hiyo anayeisafirisha lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na gari litakalobeba liwe lile lililoidhinishwa. Msikubali leseni ya gari jingine. Muulize mzigo unakwenda wapi, kwa jina la mahali. Akisema "tuna mahali petu", mshukuru kwa kuja. Vibarua wawe na bima, kama inavyotaka Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Na ile hati inayoufuata mzigo kutoka kwako hadi kwenye shimo lake, itake nakala yake yenye sahihi ya mpokeaji. Sisi tumeandika kwenye mkataba kwamba awamu ya mwisho ya malipo haitoki mpaka hati hiyo iwe mikononi mwetu. Nashauri kila mtu aandike hivyo, kwa sababu mzigo ukishatoka getini mwenye nyumba hana njia nyingine ya kujua kama haukumwagwa njiani usiku.

Kazi yenyewe haina uchawi. Asbesto hutolewa kwanza, kabla tingatinga halijaingia uani. Mabati hunyunyizwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo ili vumbi lisiruke, bolti hukatwa, na kila bati huteremshwa zima kwa mikono. Hayatobolewi wala hayarushwi. Yakifika chini hufungwa mara mbili kwa nailoni na kubandikwa alama ya hatari. Mabaki hayafagiwi kwa ufagio mkavu. Hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho nacho hufungwa pamoja na taka. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii nyuzi hizi, na hata ile inayofaa haimkingi mtu mwenye ndevu nyingi, kwa kuwa haikamati ngozi. Ovaroli haivaliwi kwenda nyumbani. Katika nchi zilizotumia asbesto kwa wingi kuna wanawake waliougua bila kukanyaga kiwandani, kwa kufua nguo za waume zao. Kwa mji wetu naongeza jambo moja: upepo. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikivuma kwa nguvu, paa la namna hii lisiguswe. Mkandarasi wetu amekubali kusubiri maleleji, upepo utakapotulia.

Sasa nawageukia wenye mamlaka, kwa heshima. Serikali ya Kaunti hutoa kibali cha kubomoa. Naomba kibali hicho kisitolewe kwa nyumba yoyote ya zamani mpaka iwe imekaguliwa na ripoti imeambatishwa kueleza kama ina asbesto, iko wapi, na nani ataitoa. Hilo halihitaji sheria mpya ya Bunge. NEMA ina mwongozo wa kushughulikia asbesto. Nimeusoma kwa Kiingereza, na ni mzuri. Vijana wanaoshika nyundo Kongowea na Likoni wanahitaji kuusikia kwa Kiswahili, tena kwa picha, ubandikwe kwenye ofisi za machifu na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Orodha ya wasafirishaji wenye leseni nayo ibandikwe hapo hapo, kwa maana si kila mzee mwenye nyumba ana mtoto wa kumtafutia kwenye mtandao.

Kuna na suala la fedha, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Sisi ni ndugu kadhaa na tunaweza kuchanga. Mjane mwenye paa la asbesto lililopasuka hawezi, na ukimtisha kwa sheria bila kumsaidia atamwita yule dalali usiku. Rwanda ilianzisha mpango wa taifa wa kuondoa paa za asbesto, majengo ya umma na ya watu binafsi. Hapa kwetu kaunti ingeweza kuanza na jambo dogo: kutenga siku maalumu za kukusanya mabati yaliyofungwa vizuri kutoka kwa wasio na uwezo, na kulipia lori na shimo. Gharama kubwa iko hapo.

Na kwa majirani: Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Ukiona paa la kijivu linavunjwa kwa nyundo upande wa pili wa ukuta wako, una haki ya kwenda kuuliza kibali na leseni siku hiyo hiyo, kabla ya lori la kwanza kuondoka. Funga madirisha, waondoe watoto, kisha nenda ukaulize. Majirani zetu tumeshawapa nakala ya ratiba yetu na namba ya mkandarasi, na mwalimu wa chuo amekubali kuwapa watoto likizo siku zile za paa.

Mstaafu wa eksirei,
Ganjoni, Mombasa